Tazama Gurudumu Kabla ya Kumlaumu Punda

Njoro ilipata magurudumu kabla ya kupata barabara. Reli ya Uganda ilipita hapa kati ya mwaka 1900 na 1901, ikipanda kutoka Nakuru kwenda kilele cha Mau, na mnamo Desemba 1901 ikawa imefika Kisumu, mji ulioitwa Port Florence siku hizo. Ukishuka stesheni ya Njoro na mzigo wako, chuma kilikuwa kimeishia hapo. Mbele yako kulikuwa na udongo wa volkano, mwepesi na mweusi. Kiangazi ulikuwa vumbi la kufika kwenye kifundo cha mguu, masika ulikuwa tope la kuvua viatu. Udongo huo unazaa ngano na viazi vizuri sana. Gurudumu haulitakii mema hata kidogo.

Nilifundisha fizikia katika sekondari za upande huu mpaka nikastaafu, na sasa nina shamba dogo njia ya kwenda Lare. Wanafunzi wangu walikuwa wakilalamika kwamba somo la msuguano halina maana kwao. Nikawa nawapeleka barabarani kutazama mikokoteni ya punda. Kila kitu kilichoandikwa kwenye sura ile ya kitabu kilipita mbele yetu kikibeba maji.

Hesabu yenyewe ni fupi. Weka tani moja juu ya gurudumu la chuma kwenye reli tambarare, na nguvu ya kama kilo 2 inatosha kuiendeleza ikishaanza kwenda. Iweke tani hiyo hiyo kwenye tairi nzuri juu ya murram kavu iliyoshindiliwa, utahitaji kama kilo 30. Iingize kwenye shamba lililolimwa au kwenye mchanga, utahitaji kilo 150, wakati mwingine hata 200. Mzigo haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali gurudumu linapokutana na ardhi. Mlima nao unadai haki yake bila kujali tairi yako ni ya aina gani: kila mwinuko wa mita 2 katika mita 100 unaongeza kilo 20 kwa kila tani. Ndiyo maana waliopima njia ya reli waliizunguka milima badala ya kuikabili uso kwa uso, na ndiyo maana punda mzoefu akiachiwa uhuru hupanda kwa kukata upande huu na upande ule.

Wajenzi wa reli walituachia somo jingine ambalo watu wengi wamelisahau. Kabla ya njia ya kudumu ya kushuka Bonde la Ufa kukamilika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwenye ukingo ule wa Kijabe. Behewa lililoshuka na shehena lilifungwa kwa kamba iliyozunguka pipa kubwa juu ya mlima, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na behewa tupu. Uzito wa linaloshuka ndio uliolivuta linalopanda. Leo wauzaji wa pikipiki za umeme pale Nairobi wanajisifu kwamba pikipiki yao ikifunga breki inarudisha umeme kwenye betri. Vifaa ni vipya, lakini wazo la kutotupa nguvu ya mteremko lilifanya kazi Kijabe zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Walowezi walipofika, walikuja na gari la ng'ombe. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapa Njoro mwaka 1903, kwa mkataba wa miaka 99, akaliita shamba lake Equator Ranch. Kondoo wake walikufa, ng'ombe wake wakafa, akageukia ngano, nayo ikashikwa na kutu. Aliishia kuhamishia nguvu zake Soysambu, karibu na Elmenteita. Ngano ilibaki, ikaanzishiwa kampuni ya Unga mwaka 1908, na kituo cha kuzalisha mbegu hapa Njoro mwaka 1927. Mwaka huo wa 1908 ndipo Makaburu wa Van Rensburg walipoanza safari Nakuru na magari yao ya ng'ombe kwenda Uasin Gishu, wakivuka misitu na vinamasi ambavyo hata mtu wa miguu aliviogopa.

Gari kubwa la namna hiyo lilivutwa na ng'ombe 16, jozi 8 chini ya nira. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa mno. Nilipokuwa mwalimu nilifanya hesabu. Chukua ng'ombe wa kilo 400. Anaweza kuvuta siku nzima kwa nguvu ya kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 40. Kumi na sita wanatoa kilo 640. Gari na mzigo wake tuseme ni tani 4 na nusu. Kwenye njia kavu, ngumu na tambarare, hata kwa gurudumu la mbao lenye ukanda wa chuma, robo ya ng'ombe hao au theluthi yao wangetosha. Waliobaki walifungwa nira kwa ajili ya tope na vilima. Walitembea kutwa, wakala, wakanywa, wakachoka, wakingojea sehemu chache mbaya za njia. Ukanda wa chuma ulikuwa mwembamba, ukizama ardhini kila ulipopata nafasi, na gurudumu lilizunguka juu ya ekseli yake kwa mafuta ya mnyama tu, bila beringi.

Aliyelitibu tatizo la ukanda ule hakuwa mhandisi. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast, na mwaka 1888 alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Huwa nafurahi kwamba kitu kilichompunguzia punda wetu kazi kuliko kitu kingine chochote kilitoka mikononi mwa daktari wa wanyama, ingawa sidhani alikuwa na punda akilini.

Baba yangu aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano tangu kabla ya uhuru. Kuhusu mlowezi Egerton alikuwa na hadithi nyingi, za kweli na za kuongezwa chumvi. La kweli ni kwamba Maurice Egerton alipenda mashine: alipata leseni ya urubani Uingereza mwaka 1910, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwake, na mwaka 1939 akaanzisha hapa Njoro shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu, ambayo mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Baba hakusoma huko. Alisoma kwenye kiti cha trekta, na alichokijua kuhusu gurudumu nilikuja kukikuta vitabuni baadaye sana.

Alijua kwamba tairi la nyuma likiteleza, dizeli inalima hewa. Kabla ya msimu wa kulima alijaza maji ndani ya matairi ya nyuma ili trekta ipate uzito wa kushika ardhi. Msimu ukiisha na kazi ikawa ya kuvuta trela la magunia, aliyatoa, kwa sababu uzito usiokuwa na kazi unakula mafuta kila unapopanda nao. Shambani alipunguza upepo kidogo ili tairi likanyage kwa upana. Barabarani alijaza. Hakutaka pia tairi lisiteleze kabisa. Trekta isiyoteleza hata kidogo, alisema, imebeba uzito wa bure. Vitabu vinasema uteleze kiasi cha asilimia 10 hadi 15 kwenye ardhi laini, ndipo unapata kazi nyingi kwa mafuta machache. Baba hakuwa na asilimia. Alishuka, akatazama alama za kashata ya tairi kwenye udongo: zikiwa kali sana ametia uzito kupita kiasi, zikiwa zimefutika anateleza.

Mashamba makubwa yalipokatwakatwa baada ya 1963, hesabu ilibadilika. Mwenye ekari 5 upande wa Kihingo au Lare hana kazi ya kumpa trekta kila siku, lakini kila siku ana maji ya kuteka, viazi vya kufikisha stendi, kuni, nyasi na mbolea. Punda walikuwako bondeni tangu zamani. Wamaasai walihama nao, wakiwafunga mizigo mgongoni. Mgongoni punda hubeba kama kilo 50, na anachoka kwa kubeba tu, hata akiwa amesimama. Mfunge punda huyo huyo kwenye mkokoteni wenye matairi ya upepo, na wawili wao watakufikishia mitungi 20 ya lita 20, kilo 400 za maji. Katika historia yote ya usafiri ya Njoro, reli ikiwamo, sijui hatua nyingine iliyookoa nguvu nyingi namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Na waliofaidika kwanza walikuwa akina mama, ambao mpaka hapo mitungi ilikuwa juu ya migongo yao.

Mikokoteni ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa mizito ajabu. Fundi alichukua ekseli nzima ya nyuma ya gari lililokufa, mara nyingi Peugeot, kwa sababu Nakuru ilijaa Peugeot, akaiweka chini ya fremu ya mbao za msonobari kutoka Elburgon. Nasema ekseli nzima, pamoja na difu yake, lile sanduku la meno la katikati. Punda alivuta mzigo, na juu ya hapo akazungusha meno ya difu ndani ya mafuta mazito yaliyoganda kwa baridi ya asubuhi ya Njoro, bila faida yoyote.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye karakana ya kuchomelea karibu na stendi, ambaye mimi na wanafunzi wangu tulimsumbua mara kwa mara. Siku moja mteja alimletea mkokoteni akilalamika kwamba punda wake wamekuwa wavivu na anataka kuwauza anunue wengine. Mzee akaufungua mkokoteni kutoka kwa punda, akausukuma kwa mkono mmoja, ukakataa. Akanigeukia: "Mwalimu, hawa punda hawana makosa. Makosa ni hii difu inazunguka bure." Akaitoa yote, akabakisha habu mbili na beringi zake, akazichomelea kwenye bomba la chuma, akapaka grisi. Mkokoteni ukapungua uzito na ukasukumika kwa mikono. Punda wakawa si wavivu tena.

Mafundi wa namna hiyo ndio waliofanya utafiti wa matumizi ya nguvu Njoro. Walijaribu tairi la gari dogo na la pikapu. Walisogeza ekseli mbele na nyuma mpaka mzigo ukakaa juu ya magurudumu badala ya kuning'inia shingoni mwa punda. Walipasua matairi mabovu wakatengeneza mikanda mipana ya kifua, kwa sababu kamba nyembamba inamkata punda ngozi, na punda mwenye kidonda anavuta kwa woga. Hakuna aliyeandika ripoti. Matokeo yalikuwa yakipita barabarani, na asiyefaa alikosa wateja.

Niliwapa wanafunzi swali hili miaka mingi, na nalipenda bado. Mkokoteni na mzigo wake ni kilo 600. Punda wawili, kila mmoja kilo 150, wanaweza kuvuta kwa saa kadhaa kwa nguvu ya kama kilo 22 kila mmoja, jumla 44. Matairi yakiwa yamejaa upepo, beringi nzima, njia kavu, mkokoteni unadai kilo 18. Matairi yakiwa nusu, beringi zimeliwa, njia imelainika, unadai 36. Tofauti ni kilo 18, karibu kazi ya punda mmoja mzima. Sasa weka mwinuko wa mita 5 katika mita 100, ongeza kilo 30. Mkokoteni mzuri unafika kilo 48, na punda wataupandisha kwa kujikaza kidogo. Mbovu unafika 66, na hapo ndipo utasikia fimbo. Pampu ya baiskeli na kopo la grisi vinauzwa bei rahisi kuliko punda.

Kuna upande wa historia hii usionifurahisha. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa machache, Uingereza haikuchoma makaa machache, ilichoma mengi zaidi, maana injini zilipata kazi kila mahali. Njoro ilifanya vivyo hivyo kwa punda. Kila mkokoteni ulipokuwa mwepesi kuvutwa, mzigo uliongezwa. Gunia la viazi lilivimba, likashonewa kilemba cha nyavu juu, mpaka serikali ikaweka kanuni ya kilo 50 kwa gunia, kanuni ambayo sokoni inaheshimiwa kwa kupokezana. Nguvu tulizookoa kwenye beringi hazikumfikia punda kama mapumziko. Zilienda kwa mwenye mzigo.

Kisha punda wenyewe wakawa biashara. Kichinjio kilifunguliwa Naivasha mwaka 2016, kingine kikawako Mogotio, ngozi zikienda China kutengenezea dawa. Wizi ukaanza. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021. Jirani yangu aliamka akakuta kamba mbili zimekatwa. Mkokoteni wake ulikaa uani mpaka mbao zikaoza, na mkewe akarudia mtungi mgongoni.

Huenda ndiyo sababu mpwa wangu, anayesomea uhandisi, alianza kutengeneza punda wa betri. Ni kigari cha magurudumu manne, kila gurudumu na mota yake, kompyuta ndogo na kamera, chenye kazi ya kupita kati ya mistari ya maharagwe kikibeba kreti za mavuno. Kilitembea vizuri. Shida yake ilikuwa betri kuisha kabla mstari wa tatu haujaisha, na alitaka nimchangie pesa anunue betri kubwa zaidi. Nilimpa mizani ya springi, ile ya kuning'iniza viazi.

Tulikivuta kigari kwenye saruji, kikaenda kwa uzito mdogo sana. Tukakivuta kwenye udongo, sindano ikapanda. Tukakivuta kikiwa kimegeuzwa, magurudumu yote manne yakikwaruza ardhi kwa upande, sindano ikaruka mpaka akanitazama. Kigari chake hakikuwa na usukani. Kiligeuka kwa kuzungusha magurudumu ya kushoto na kulia kwa kasi tofauti, na hayo manne yakiwa yameshika ardhi, kila kona ilikuwa kazi ya kusugua. Ukingo wa shamba una kona nyingi. Akatoa mota mbili za nyuma, akaweka gurudumu moja linalojigeuza lenyewe, lile la vigari vya supamaketi, la ukubwa wa kutosha lisizame. Akapunguza fremu. Akapanga njia yake igeuke kwa upole bila kusimama ghafla, kwa maana kila kusimama ni kutupa nguvu uliyokwisha kuilipia. Kamera na kompyuta zilikuwa zinakula umeme hata kigari kikiwa kimesimama, basi akazilaza usingizi wakati wa kupakia. Betri ni ile ile. "Anti," aliniambia, "kumbe hii ni difu ya Peugeot." Alikuwa amekua akiisikia hadithi ile.

Wenye pesa nyingi kuliko sisi wamepitia darasa hili hili. Roboti ya Sojourner iliyoshuka sayari ya Mirihi mwaka 1997 ilikuwa na kilo kama 10 na nusu, na bamba lake la jua lilitoa wati kama 16 jua likiwa kali. Punda mmoja akivuta kilo 20 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde anatoa wati kama 200. Kwa nguvu isiyofika hata sehemu ya kumi ya punda, wahandisi wale hawakuwa na budi kuhesabu kila gurudumu linapokanyaga, na kigari chao kilitambaa kwa sentimita moja kwa sekunde. Mwenzake Spirit aliyefuata alipoteza gurudumu moja mwaka 2006, akawa analiburuta, na mwaka 2009 akazama kwenye udongo laini asitoke tena. Mtu wa Lare akiona picha ile hahitaji kuelezwa kilichotokea.

Nawasikia vijana wa Njoro na Nakuru wakizungumza kuhusu mota bora na betri mpya kutoka ng'ambo, na sina ugomvi nazo. Ombi langu kwao ni dogo. Kabla hujaagiza betri, leta mashine yako kwenye njia ya Lare wiki ya pili ya mvua za Aprili, uifunge mizani ya springi mbele, uivute kwa mkono wako kwenye tambarare, kwenye mwinuko na kwenye kona, na uandike namba ulizopata. Mizani ninayo, na nitakuazima.